Mtumbwi wa Vyungu

Jirani yangu hapa Bujonde amepasua gogo la mvule wiki hii, anataka mbao za kitanda cha kijana wake anayeoa. Harufu iliponifikia nilikuwa uani napepeta mchele. Nikaweka ungo chini. Mvule mbichi una harufu yake, siyo tamu wala siyo kali, ni kama ngozi ya mtu aliyefanya kazi juani kisha akaenda kuoga ziwani. Wenzangu mliokulia kando ya maji mnaijua. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya babu yangu mzaa baba, Ambangile, fundi wa mitumbwi wa Ikombe. Ikinipata, popote nilipo, narudi kuwa mtoto mwenye mapengo ya meno ya mbele.

Nilipelekwa kwake mama alipojifungua mdogo wangu na afya yake ikawa siyo nzuri. Ikombe wakati ule ilikuwa kijiji ambacho mlima umeshuka mpaka ziwani kunywa maji, na nyumba zimebanwa katikati, kati ya mguu wa mlima na mchanga. Hakuna gari lililofika. Wanaume walivua na kuchonga, wanawake walifinyanga vyungu, na vyungu hivyo vilikwenda kwa maji mpaka soko la Matema kila Jumamosi. Huko watu wa Ipinda na Ndandalo walivisubiri, na wachuuzi wengine walivibeba mpaka Kasumulu vikavuka mto Songwe. Kwa hiyo Ikombe mtumbwi haukuwa chombo tu. Mtumbwi ndiyo barabara, na babu yangu ndiye aliyekuwa akitengeneza barabara.

Mitumbwi ya Ambangile ilisifika kwa kukaa. Neno hilo hilo, kukaa. Uuweke majini bila mtu, unakaa kama ng'ombe aliyeshiba, haulali kulia wala kushoto. Siri yake ilikuwa katika kuta. Mtu akichonga gogo, ukuta mmoja ukibaki mnene kuliko mwenzake, mtumbwi utainamia upande huo maisha yake yote. Babu hakutumia kamba wala kijiti cha kupimia. Aligonga ukuta kwa kisigino cha tezo, akainamisha kichwa, akasikiliza, akachonga mahali palipomjibu kwa sauti nzito. Ndivyo alivyofanya tangu ujana wake.

Sasa ule mtumbwi mkuu wa vyungu, ambao wafinyanzi wote waliutumia kwa pamoja, upepo wa mwera uliuchukua ukaupasulia kwenye mawe. Wanawake wakakutana uani kwa bibi yangu, Tupokigwe, kupanga nani awachongee mwingine. Ulikuwa msimu wa kiangazi, vyungu vimechomwa, vimerundikana hadi chini ya vitanda. Mkubwa wao alikuwa Bibi Subila, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye akiongea hata kuku walinyamaza.

"Mtumbwi wa samaki ukiyumba, samaki anaogelea," alisema. "Chungu changu hakijui kuogelea. Nataka mtumbwi unaokaa. Ambangile bado anaweza?"

Mmoja akasema, "Yupo Lwitiko. Kijana, mikono yake ina nguvu."

"Na mikono hiyo alipewa na nani?" bibi yangu akauliza. Lwitiko alikuwa amejifunza kazi kwa babu.

Mzee Anyosisye alikuwa amekaa pembeni anasokota kamba. Hakualikwa, lakini kamba za kuvutia mitumbwi zilikuwa zake, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za kuvuta, kwa hiyo alijiona ana haki. "Ambangile siku hizi hasalimiki," alisema. "Unamwamkia, Mugonile, tata. Anapita, kana kwamba umemwamkia mbuzi wake. Mtu akifika mahali hajibu salamu, huo siyo uzee. Hicho ni kiburi."

Ilikuwa kweli. Kwetu unaweza kumnyima mtu chakula akasamehe, lakini salamu haisamehewi. Mimi nilikuwa na jibu langu moyoni, ila mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Nilijua babu hana kiburi. Nilijua kwamba miti huwa inazungumza naye, na mtu hawezi kusikiliza wawili kwa wakati mmoja.

Babu alipoingia, bibi alikwenda kukaa mbele yake kabisa, uso kwa uso, akamweleza polepole huku anaonyesha kwa mikono: mtumbwi mkubwa, wa vyungu, wa wanawake wote. Babu alimtazama mdomo mpaka alipomaliza. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Nitauchonga. Ukilala upande, hata kidogo, tezo yangu mpeni Lwitiko, na mimi nitakwenda kulima mihogo."

Watu walicheka. Fundi wa mitumbwi kulima mihogo Ikombe, kwenye mawe yale. Bibi hakucheka.

Basi mvule ukaangushwa juu mlimani, na kuchonga kukaanza hukohuko ulikoangukia. Tulikuwa na mwiko wetu: tangu mti unapoanguka hadi mtumbwi unapogusa maji, mwanamke hausogelei. Walisema gogo likiona kanga linaona haya, linajikunja, mtumbwi unatoka umepinda. Kwa hiyo tawi lililazwa njiani, na mimi na bibi tulipopeleka chakula, ndizi na dagaa wa usipa wa kukaanga, tulikomea kwenye tawi lile. Bibi hakuita. Aliokota kijiwe akakirusha kikatua mbele ya babu, naye akainua uso, akaja. Mimi nikadhani ndiyo adabu ya kumwita fundi akiwa kazini.

Siku moja tulifika mapema. Babu alikuwa amepiga magoti ndani ya gogo, ambalo sasa lilikuwa na tumbo na mdomo. Alikuwa ameng'ata kijiti kigumu, ncha moja iko kwenye meno, ncha nyingine ameigandamiza ukutani mwa mtumbwi. Amefumba macho. Anagonga kwa kisigino cha tezo, tap, tap, anasogeza kijiti, anagonga tena. Halafu anachukua tezo, anakwangua vibanzi vyembamba kama maganda ya kitunguu, anarudi kung'ata.

Nikaelewa mara moja. Bibi akipika mchuzi, anaonja. Babu akichonga mtumbwi, anauonja. Anaonja kujua kama umeiva.

Jambo zuri kama hilo mtoto anawezaje kukaa nalo? Nilipokwenda ziwani kuosha masufuria nikawaambia wenzangu kwamba babu yangu anakula mtumbwi kidogokidogo ili ajue utamu wake. Nilisema kwa kujivuna kabisa. Kabla jua halijafika kichwani habari ilikuwa kwa Mzee Anyosisye, na Mzee Anyosisye hakuwahi kupewa habari akairudisha ikiwa vilevile.

"Fundi wenu amekuwa mchwa," aliwaambia wafinyanzi. "Subirini, mtaletewa unga."

Watoto wakatunga wimbo: Mchwa, mchwa, tubakizie upande mmoja. Waliuimba nyuma ya babu akishuka mlimani, na babu aliendelea kutembea, shoka begani, hageuki. Mimi nikazidi kumstahi. Nikasema, tazama mtu mwenye subira.

Bibi alipousikia wimbo ule hakunipiga. Aliniita mahali alipokuwa akikagua vyungu vilivyotoka motoni. Mnajua wafinyanzi wanavyofanya: anakishika chungu kwa vidole vichache, anakigonga kwa kijiwe. Chungu kizima kinalia. Chungu chenye ufa kinakohoa, hata kama ufa wenyewe jicho haliuoni.

"Ziba masikio," akaniambia. Nikaziba. Akagonga, nikaona mkono unakwenda, sauti sikuipata. Kisha akaniwekea kijiti kwenye meno, ncha yake ikagusa chungu, akagonga tena.

Wenzangu, chungu kililia ndani ya kichwa changu. Kililia kwenye taya, kwenye paji la uso, mpaka nyuma ya macho. Nilikitema kijiti kwa kushtuka.

"Rudisha," bibi akasema. Akagonga kingine. Hiki kilikohoa, nikakisikia kikikohoa ndani ya meno yangu.

"Babu yako masikio yamefungwa," alisema akiwa amenitazama sana. "Yalianza kidogokidogo, tangu masika yaliyopita ndiyo yamefungwa kabisa. Siku moja alikuwa amejilaza kwenye gogo anachokonoa meno, kijiti kimegusa mti, na Lwitiko anagonga kule mwisho. Akausikia ule mti. Alirudi nyumbani analia kama mtoto, nikadhani kuna msiba. Haonji kitu, mwana gwangu. Anasikiliza."

"Mbona hawaambii watu kwamba hasikii?"

"Fundi anayejulikana kwa kusikiliza mbao aseme hasikii? Mwambie mpishi atangaze hana ulimi, uone nani atakuja kula. Wakijua kabla kazi haijaisha, watampa Lwitiko gogo. Na wakimpa Lwitiko, babu yako hatakaa miaka mingi. Namjua."

Tangu siku ile nilitembea na siri kubwa kuliko tumbo langu. Wenzangu wakiimba mchwa, mchwa, niliuma midomo. Kila jioni babu aliporudi nilimtazama anavyoosha meno yake kwa majivu, taratibu, moja baada ya jingine, kama Lwitiko anavyonoa shoka.

Siku ya kuvuta ikafika. Hakuna aliyelipwa kuvuta mtumbwi. Watu walikuja kwa kuitwa na baragumu. Migomba ilikatwa ikalazwa njiani kama ngazi, maana mgomba ukikandamizwa unatoa maji yanayoteleza na mtumbwi unapita juu yake. Wanaume walishika kamba za mbele za kuvuta na kamba ya nyuma ya kuzuia. Wanawake tulikaa kando ya njia, mbali, na masufuria: wali, samaki wa mbasa, pombe ya kimpumu kwa wanaokunywa na togwa kwa walokole. Mzee Anyosisye akasimama juu ya jiwe akaanza wimbo. Nitasema haki yake: kwa wimbo hakuwa na mpinzani. Anatoa neno, kamba zinakaza, mtumbwi unanguruma, unasogea.

Babu alikuwa chini, mbele ya mtumbwi, anapanga migomba. Walipofika kwenye kona yenye mteremko mkali, kamba ya nyuma ikakatika.

Watu wote walipiga kelele. "Tata, toka. Ambangile, toka." Mlima ulirudisha sauti zile. Babu alikuwa ameinama, mgongo kwetu, anasawazisha mgomba wake kwa utulivu wa mtu aliye peke yake shambani. Bibi alisimama na kijiwe mkononi, lakini alikuwa mbali. Lwitiko aliachia kamba yake, akaruka, akamkumbatia babu kiunoni wakabingirika wote kwenye majani. Mtumbwi ukapita pale alipokuwa ameinama, ukateleza, ukaenda kukwama kwenye vigogo vya migomba, mzima.

Mzee Anyosisye aliteremka kwenye jiwe, akaenda nyuma ya babu aliyekuwa anajipangusa majani, akapiga makofi karibu kabisa na kisogo chake. Babu hakugeuka.

"Hasikii," Mzee Anyosisye akasema. Hakuwa anatania tena. "Jamani, alikuwa hatusikii."

Bibi Subila akamgeukia bibi yangu. "Tupokigwe, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaacha vyungu vyetu vya mwaka mzima mikononi mwa mtu asiyesikia ubao?"

"Niliviacha mikononi mwa Ambangile."

"Mimi sitapakia," mwanamke mmoja akasema nyuma. Wengine wakaitikia kwa miguno. Mwanamume mmoja akasema afadhali Lwitiko achukue mtumbwi aukague upya. Lwitiko akasema yeye hatagusa kazi ya mwalimu wake. Babu alikuwa akitazama midomo, mmoja hadi mwingine, na nikaona ameelewa. Nilimwona anaangalia tezo yake.

Kisha akasema, kwa sauti ile yake kubwa, "Nyinyi akina mama mnagonga vyungu. Hakuna masikio Ikombe yanayoshinda yenu. Njooni mgonge."

Wanaume wakapinga: haujagusa maji, mwanamke hawezi kuusogelea. Babu aliona vichwa vinatikiswa, akatikisa chake. "Gogo hili limeshaona haya zote leo. Wapisheni."

Wakapisha. Nami nikaona kitu ambacho hakuna mtoto Ikombe aliyekuwa amekiona. Wafinyanzi walitoa vijiwe vyao kwenye pindo za kanga, wakaenda kwenye mtumbwi. Nawakumbuka wote walivyojipanga: Subila mbele, akifuatwa na Ikupa, Tumwidike, Lugano aliyekuwa na mimba, Syabumi, Anangisye mwenye kovu, na yule Sekela aliyekuwa amesema hatapakia. Bibi yangu alikatazwa, maana ni mke wa fundi, akasimama kando na mimi, mkono wake umenishika bega mpaka linauma. Walijigawa pande mbili, wakaanza mbele. Huyu anagonga ukuta wa kulia, mwenzake anagonga wa kushoto mahali palepale, wanasikiliza, wanasogea. Hakuna aliyekohoa.

Karibu na katikati Bibi Subila akasimama. Akarudi nyuma. Akagonga tena, akakunja uso. Wanaume wakaanza kutazamana.

Babu akasogea. Aling'ata kijiti chake mbele ya watu wote, bila kuficha, akakiweka pale, akagonga. Akatabasamu na kijiti kikiwa mdomoni. "Hapo pana fundo la tawi," alisema alipokitoa. "Nimeliacha nene kusudi. Ukilikwangua litatoboka. Gonga juu yake, na chini yake. Halafu nenda upande wa pili, nimeacha nene hivyohivyo lipate mwenzake."

Bibi Subila akagonga juu. Akagonga chini. Akazunguka upande wa pili, akagonga, akafumba macho, akagonga tena. Tukasubiri. Halafu yule mama mrefu alimwendea babu, akapiga magoti mbele yake ili uso wake uwe mahali babu anapoweza kuuona, akayatamka maneno moja moja kwa midomo mipana.

"Tata. Hiki ni chungu kizima."

Vigelegele vilivyopanda pale vilishtua kunguru kwenye miti. Sekela ndiye aliyeanza. Mzee Anyosisye alifunga upya kamba yake iliyokatika, fundo juu ya fundo, akapanda jiwe, na safari hii alipotoa neno la kwanza alisema, "Mchwa huyu ana meno," na watu wakaitikia huku wanavuta, "Ana meno." Mtumbwi ulishuka mlima ule kama umekumbuka kwamba una shughuli ziwani.

Majini ulikaa. Babu aliusukuma peke yake, mtupu, akaacha mkono. Ukacheza kidogo, ukatulia, na mstari wa maji ukawa sawa kulia na kushoto. Wanaume walizunguka wakitafuta upande wa kulaumu, wakakosa. Palepale, bila kusubiri kesho, wanawake wakaanza kupakia, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi: vyungu vya maji chini, vya mboga juu, majani makavu ya migomba katikati. Babu alisimama ndani ya maji hadi kiunoni akitazama jinsi mtumbwi unavyozama polepole, pande zote sawasawa, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake.

Asubuhi tukaondoka kwenda Matema, mimi nikiwa nimebanwa kati ya vyungu kwa sababu nililia mpaka wakanichukua. Lwitiko alishika kafi la nyuma. Wafinyanzi walishika makafi ya pande mbili. Babu aliwekwa mbele kabisa, mahali pa heshima, hakupewa kafi. Tulipotoka kwenye kivuli cha mlima na jua likatupiga usoni, babu akaanza kuimba.

Hakuwa ameimba tangu masikio yalipofungwa. Hata kanisani alikuwa akikaa tu. Aliimba kwa kifua chote, na aliimba vibaya. Wimbo ulipanda mahali usipopanda, ukashuka pasiposhuka, ubeti wa pili ukaingia kabla wa kwanza haujaisha. Nikamwona Mzee Anyosisye, mwenye nyimbo zote za Ikombe, ambaye alikuwa amejipakia bila kualikwa, anafungua mdomo kumrekebisha. Akaufunga. Akasikiliza kidogo jinsi babu anavyokwenda. Kisha akaitikia palepale babu alipokuwa, kwenye sauti ileile iliyopotoka, na Bibi Subila akaitikia, na bibi yangu, na wanawake wote, wakaupinda wimbo umfuate yeye, na makafi yakaingia majini pamoja mpaka Matema.